Baba Mkwe na Bahari Yetu ya Kitaji

Mpendwa baba mkwe,

Ungekuwa hai barua hii nisingethubutu kuiandika. Ningempa mwanao Magesa ujumbe mfupi, naye angekufikishia nusu yake, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Mkamwana hamwandikii baba mkwe barua ndefu. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, hampi mkono. Akimsikia anakohoa mlangoni anahamia jikoni. Kwa miaka saba ya ndoa yangu nilikujua kwa kikohozi chako na kwa viatu ulivyoviacha kizingitini.

Lakini leo ni wiki ya sita tangu tukuzike Butiama, na sijasikia mila inayokataza kumwandikia aliyelala. Kwa hiyo nimekaa sebuleni, kwenye kiti ulichokuwa ukikalia, mbele ya lile tangi la kioo. Magesa yuko nje anafua. Ndiyo, anafua mwenyewe, usishangae.

Tangi nilikuwa nimelianza kabla hujaja. Hukuwahi kuniuliza kwa nini mtu wa mtaa wa Kitaji, Musoma, ajisumbue kuweka bahari ndani ya nyumba, na mimi sikukueleza. Nikueleze leo.

Mwaka ule nilipoteza mimba ya tatu. Ilikuwa imefika miezi mitano. Walimu wa shule ninakofanya kazi walikuja na sukari na mikate, wakakaa, wakaondoka. Magesa alirudi Bunda Jumatatu, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa sababu msimu ulikuwa umeanza na kule mashine hazimsubiri mtu. Nikabaki na nyumba. Nilikuwa naamka asubuhi, napiga mswaki, kisha nasimama katikati ya sebule nikijiuliza ni kitu gani hapa ndani kinachonihitaji. Hakikuwepo.

Ndipo nikaikumbuka bahari. Nilisomea ufundi wa maabara Dar es Salaam, na mwaka wa mwisho mwalimu wetu mmoja alitupeleka kwa boti hadi kwenye mwamba wa matumbawe, akatupa miwani ya kuzamia. Mimi mtoto wa mfugaji wa Bunda, niliyeoga ziwani tangu utotoni bila kuona chini hata shubiri moja, niliinamisha uso majini nikaona hadi mchangani. Kulikuwa na vitu vya zambarau vinavyopunga kama vidole, samaki wa manjano, samaki wa buluu, na kila kimoja kilikuwa na shughuli yake. Nilitoka majini nalia. Wenzangu walidhani maji yameniingia puani.

Nikasema nitatengeneza kipande kidogo cha ile hali. Fundi wa vioo mjini aliniuliza vipimo mara tatu, akidhani ni kabati la vyombo. Tangi la lita tisini. Pampu, taa, chumvi maalumu ya bahari iliyo kama unga, mchanga mweupe na mawe makavu ya matumbawe ya zamani vilikuja kwa basi kutoka Dar, katika maboksi ambayo kila aliyeyapokea aliyatikisa kwanza. Jirani yangu Mama Sabina alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ziwa zima liko hapo chini, wewe unatengeneza bahari? Kama ni samaki si ungenunua sato ukakaanga?"

Na kweli mara ya kwanza nilishindwa vibaya. Mimi ambaye kila siku nawaambia wanafunzi wasubiri majibu ya jaribio, sikusubiri. Nilifungulia bomba, nikakoroga chumvi, na wiki hiyohiyo nikaweka samaki wawili. Siku ya nne wote walikuwa wamelala ubavu. Sababu niliijua: tangi jipya bado halina bakteria wa kula uchafu wa samaki, kwa hiyo samaki wanakufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe. Niliijua tangu mwanzo. Nilikuwa tu na haraka ya kuona kitu kinatembea.

Niliwafukia kwenye chungu cha maua, nikalia kwa sauti iliyomleta Mama Sabina mbio na kanga moja.

"Nani kafa?"

"Samaki."

Alinitazama, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Hakucheka. Tangu siku ile nampenda yule mama.

Nikaanza upya. Safari hii mawe, mchanga, maji na kungoja. Ilikuwa wiki ya pili ya kungoja Magesa alipopiga simu kusema unakuja kukaa kwetu, hospitali imesema una mtoto wa jicho macho yote mawili na utapasuliwa moja baada ya jingine. Nilikuwa nakata nyanya. Neno hilo "mtoto" lilinifanya niweke kisu chini, hata kama lilikuwa la jichoni tu.

Ulikuja Ijumaa, umeshika mkono wa Magesa, koti lako la kahawia, kofia mkononi. Nilipiga magoti mbali, karibu na mlango wa jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

Kisha ukainua kichwa kama mtu aliyesikia ndama porini.

"Kuna kitu kinanguruma humu."

"Ni pampu, baba," Magesa akasema. "Mkamwana wako ana maji ya bahari kwenye kioo."

"Bahari ya wapi?"

"Ametengeneza mwenyewe."

Ukaomba upelekwe. Magesa akauongoza mkono wako juu ya ukingo, ukachovya kidole, ukakitia mdomoni. Mimi nilikuwa nachungulia, nimejibana ukutani.

"Chumvi kweli," ukasema. "Ng'ombe wangu wangemaliza hii yote asubuhi moja."

Nilicheka jikoni kwa mara ya kwanza tangu nilipotoka hospitali kwa mimba ile. Nilijiziba mdomo na ncha ya kitenge, maana mkamwana hachekeshwi na baba mkwe.

Kesho yake, Jumamosi, nilisikia yale mengine. Hukujua nimerudi kutoka sokoni. Mlikuwa mmekaa uani, upande wa dirisha la jikoni. Ulisema kwamba dada yako, shangazi Nyangeta, na wazee wa nyumba wamekaa, wameona miaka inapita, na wamepata binti mmoja huko nyumbani, mtulivu, kwao wana uzazi mzuri. "Huyu hutamfukuza," ulimwambia Magesa. "Atakuwepo. Utaongeza tu."

Niliposikia "utaongeza tu" mafuta yalikuwa yanawaka kwenye sufuria na sikuyaona. Ila maneno yako hayakuniuma kama yake. Nilisubiri mume wangu aseme kitu. Akasema, "Nimesikia, baba."

Basi. Nimesikia, baba. Hata mtu akiambiwa mvua itanyesha anajibu hivyo.

Jioni ile mlikula ugali na samaki wa nazi. Ulisifia. Ulisema mwambieni mpishi mkono wake ni mzuri. Nilikaa jikoni nikakuchukia, baba. Naandika hivi ilivyo kwa sababu kuficha sasa hakumsaidii mtu.

Walikupasua jicho la kulia. Siku kumi za kwanza Magesa alichukua likizo, akawa anakutia dawa ya matone mwenyewe. Jicho likiwa limefunikwa ulikaa mbele ya tangi mchana kutwa, unasikiliza. Maji yalikuwa yameanza kuota utando wa rangi ya matope juu ya mawe. Nilikuwa nakwangua kila siku, na kila siku unarudi. Nadhani ulisikia ninavyokwangua, kwa sababu siku moja ulisema, bila kugeuza kichwa, kama unaongea na kioo:

"Hayo maji yanatoka wapi?"

Magesa hakuwepo, alikuwa dukani. Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kukujibia.

"Bombani, baba."

"Na bombani yanatoka ziwani."

"Ndiyo."

"Maji ya ziwa yameshiba. Yana chakula cha majani. Sisi tunaonaga kwenye mabirika ya ng'ombe, ukiweka maji ya ziwa yanaota kijani, ya mvua yanakaa. Kwa nini usitumie ya mvua?"

Nilisimama na kile kikwangulio mkononi. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kwenye simu kuhusu mitambo ya kuchuja maji, na mzee wa ng'ombe ameniambia jambo lilelile kwa sentensi tatu. Nikasema maji ya paani yanaweza kuwa na kutu ya mabati. Ukasema, "Nani kataja paa? Magesa alete turubai la kuanikia pamba."

Mvua ile unaikumbuka. Ilikuja saa kumi jioni, kubwa, kutoka ziwani. Tuliacha ya kwanza ioshe turubai, kisha tukakinga. Magesa alishika pembe mbili, mimi moja, na wewe, jicho moja limefunikwa na jingine halioni vizuri, ukashika ya nne ukakataa kuingia ndani. Mama Sabina alitoka kibarazani akaona mkamwana na baba mkwe wameshika turubai moja, wamelowa hadi mifupani, akasema kwa sauti, "Leo nimeona." Maji yalipojaa katikati ulipiga kelele, "Inueni upande wa mama! Inueni upande wa mama!" Mama nilikuwa mimi. Hukuwa umewahi kuniita lolote kabla ya hapo.

Baada ya kubadilisha maji utando ulianza kupungua. Magesa akarudi Bunda, tukabaki wawili, na Mama Sabina akawa anakuja kukutia dawa mara nne kwa siku. Nami kila asubuhi nilipima maji. Unatia matone kwenye kichupa, unangoja, rangi inakuambia sumu imebaki kiasi gani. Ulianza kuuliza, ukielekea kioo.

"Leo yamesemaje?"

"Bado, baba. Bado ni kijani."

"Sasa humu hamna samaki, unangoja nini?"

"Nangoja wadudu wadogo wasioonekana waongezeke. Wao ndio watakaokula uchafu."

Ulifikiri. "Unawalisha nini wadudu usiowaona?"

"Natia chakula kidogo, kinaoza, wanakula."

"Haya. Tungoje." Ukakunja mikono. Hukuniambia niharakishe. Katika nyumba zote nilizopita na tumbo langu, wewe ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kukaa na mimi tukangoja kitu kisichoonekana. Na bado ni wewe uliyeleta ule ujumbe. Nilishindwa kuyaweka hayo mawili pamoja.

Asubuhi kipimo kilipotoka cha manjano safi, nilikuambia kabla sijamwambia Magesa.

Samaki walikuja kutoka Dar, kwa mtu anayewazalisha nyumbani kwake, kwa ndege hadi Mwanza. Magesa aliwafuata, akawaleta katika boksi jeupe kwenye mapaja yake: samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kila mmoja sawa na kidole gumba, na kipande cha tumbawe laini kilichobandikwa juu ya kijiwe. Jicho lako la kulia lilikuwa limepona. Tulielesha mfuko waliomo juu ya maji ili joto lilingane, tukawa tunaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, na wewe umesogeza kiti hadi pua inagusa kioo. Walipotoka mfukoni walijificha nyuma ya jiwe. Kisha mmoja akatoka.

"Huyo," ukasema. "Namwona hadi mkanda wake." Halafu ukauliza, kwa dhati kabisa, "Wanaliwaga?"

Sasa nakuja kwenye siku ambayo hukuijua yote.

Tangu ile Jumamosi mimi na Magesa hatukuwa tumelizungumza jambo lile. Alikuja kila wiki, tukala, tukaulizana habari za kazi. Hakutaja ujumbe wako, na mimi sikutaja kwamba niliusikia. Kila alivyokaa kimya niliona binti yule mtulivu anasogea hatua moja karibu na nyumba yangu. Mwishowe niliamua niondoke kabla sijaongezewa. Asubuhi ya Alhamisi nilienda kazini na begi. Nguo, vyeti, viatu viwili. Nililiweka chini ya meza ya maabara. Siku hiyo nilikuwa nasimamia mtihani wa vitendo, simu imezimwa. Baada ya mtihani nilikuwa nipite nyumbani kumwachia Mama Sabina ufunguo na kumwomba akupikie hadi Jumamosi, kisha nipande gari kwenda kwa mama yangu, kijijini kwetu nje ya Bunda.

Nilifika saa nane mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Sikusikia pampu. Nikajua umeme umekatika, nikajua hata sijui ni tangu lini. Niliingia sebuleni na begi begani.

Ulikuwa umekaa juu ya kigoda mbele ya tangi, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, kikombe cha plastiki mkononi. Unachota maji, unainua juu, unamimina polepole yadondoke kwa kishindo. Unachota, unainua, unamimina. Shati lote limelowa.

"Umeme umeondoka saa tatu," ulisema bila kugeuka. "Ulisemaga mashine ikinyamaza wanakosa hewa."

"Baba. Umekaa hivyo tangu saa tatu?"

"Nilikuwa nabadilisha mkono."

Kitaalamu, baba, samaki wawili wadogo ndani ya lita tisini wangestahimili saa hizo bila msaada wako. Sikukuambia wakati ule na leo ndiyo unajua. Niliweka begi chini. Nilipiga magoti kando yako, nikasema, "Nipe mimi," nikachukua kikombe, na vidole vyetu vikagusana, na hakuna aliyeruka. Niliendelea kumimina. Wewe ulinyoosha mkono juu ya goti ukawa unauchua.

"Mama Sabina alikuja kunitia ile dawa ya kumalizia, nikamwambia ashike kikombe amimine kwanza," ukaongeza. "Amechoka mara moja. Ananenepa sana yule."

Ukaliona begi. Jicho lako moja lilikuwa linaona vizuri kuliko macho yangu mawili.

"Unasafiri?"

"Nilikuwa nasafiri, baba."

"Ah," ukasema. Hukuuliza kwenda wapi. Umeme ulirudi saa kumi kasorobo, na mimi nikaenda kuinjika ugali.

Jicho la kushoto lilipasuliwa wiki iliyofuata. Mama Sabina alikuwa amekwenda kumwangalia bintiye aliyejifungua kule Buhare, Magesa yuko kazini, na dawa inatakiwa mara nne kwa siku. Asubuhi ya kwanza ulisimama sebuleni na kichupa mkononi, mimi nimesimama jikoni, na mila imesimama katikati.

"Nitajitia mwenyewe," ukasema. Ulijaribu. Tone likaanguka kwenye ndevu. La pili likaanguka sakafuni.

Nikatoka jikoni. Nikakwambia, "Kaa, baba. Tazama juu." Ukakaa. Nilishika paji la uso wa baba wa mume wangu, nikafunua kope lake, nikatia tone.

Ilikuwa siku ya tatu ya dawa nilipoona siwezi kukushika usoni mara nne kwa siku nikiwa na neno lile tumboni.

"Baba, nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ulichomwambia Magesa uani. Jumamosi ile ya kwanza."

Pampu ilinguruma. Samaki mmoja alipita, akarudi. Nilidhani utasimama uondoke.

"Jumamosi ile," ukasema. "Na jioni yake ukanipikia samaki wa nazi."

"Ndiyo, baba."

Ukafumba jicho lililokuwa wazi. Yaliyofuata nayajua kwa moyo.

"Mama yake Magesa alizika watoto watatu kabla hajampata Magesa. Baba yangu akaniita, akasema oa mwingine. Nikaoa. Hakugomba. Alimpokea mwenzake, akamwonyesha njia ya maji, akampa na chungu. Mwaka wa pili akamzaa Magesa, watu wakafurahi. Yule mwingine hakukaa, alirudi kwao. Wakasema yameisha. Lakini mama yake Magesa alikuwaga ananisimulia mambo ya siku nzima, jioni, hata habari ya kuku. Baada ya pale hakunisimulia tena. Alikuwa ananiitikia tu. 'Ndiyo.' 'Sawa.' 'Maji yako tayari.' Miaka thelathini. Amekufa akiniitikia tu."

Nilifungua kichupa cha dawa.

"Nyangeta aliponituma nilijua ninachokwenda kufanya. Nilijua, nikatumwa. Nilimkosea mama yake Magesa, na nimekukosea wewe, mama. Nimekosea."

Tone lilikuwa tayari linaning'inia kwenye kichupa. Likaenda pembeni, likateremka shavuni mwako, na nikakufuta kwa kiganja changu, kama ninavyomfuta mtoto wa mtu anapoanguka shuleni.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza Magesa, "Ulisema 'nimesikia, baba'. Ulimaanisha nini?" Alikaa kitandani. Akasema, "Niliogopa. Sikumaanisha ndiyo wala hapana. Niliogopa kumkatalia baba, na nikaogopa kukuambia niliogopa." Tuligombana siku mbili, ugomvi wa kweli, hadi Mama Sabina, aliyekuwa amerudi, akaongeza sauti ya redio ili kutusitiri. Ulikaa na samaki wako ukajifanya hujasikia. Lakini begi nililifungua.

Ulirudi Butiama macho yote mawili yanaona. Tulichofanya pale mlangoni hakikuwa kuagana. Ulinyoosha mkono kuelekea kioo, ukasema, "Kaeni vizuri humo," nami nikajibu, "Nawe ufike salama, baba," na dereva wa bodaboda akadhani tumechanganyikiwa.

Yaliyotokea kwenye kikao cha ukoo alinisimulia Magesa. Shangazi Nyangeta aliuliza majibu. Ukasimama ukasema, "Nilipeleka ujumbe wenu. Nimekaa miezi mitatu kwa mkamwana wangu, nimekuja kuurudisha. Kama kuna mwingine anataka kuupeleka, aende, lakini kwanza akale chakula chake, akatiwe dawa ya macho naye, halafu amwambie mwenyewe usoni." Shangazi aliacha uji wake kwenye bakuli akaondoka. Mlikaa miezi bila kusemeshana, ndugu wa tumbo moja, kwa ajili yangu. Hilo lilinielemea. Nilitaka kukupigia simu kukuambia, lakini simuni nako ningesema nini zaidi ya shikamoo?

Halafu ikaja homa ya mapafu. Siku tatu tu. Tulifika jioni ya siku ya tatu, nikaketi mbali, karibu na mlango, kama inavyotakiwa. Uliniona. Ulimuuliza Magesa, "Wanapata hewa?" Akasema wanapata, baba. Wakubwa waliokuwa chumbani walidhani homa imekupanda kichwani. Hakuna aliyetaka kuwaeleza.

Nimekulilia zaidi ya nilivyowalilia watu wa damu yangu, na ilibidi nikulilie kwa kiasi, maana mkamwana akizidi watu wanauliza. Wiki hizi nimekuwa nikirudi kutoka kazini, nakaa kwenye kiti chako, sitazami hata samaki. Nasikiliza tu mngurumo. Mara nyingine naudhika nawe upya kwa ile Jumamosi, halafu nakumbuka vile ulivyosema "nilikuwa nabadilisha mkono", na hasira haina pa kukaa. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Kama ndiko, basi kulikuja polepole, na ulipoondoka kulikuwa bado hakujamalizika. Sasa kumemalizika. Nilitaka ulijue hilo kwa maandishi.

Kuna habari nyingine. Mimi na Magesa tumeomba kulea mtoto. Tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, dada mmoja mpole akatuuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa hili: katika ukoo wa mume, ni mkubwa gani atakayempokea mtoto? Magesa akasema jina lako. Nikamwambia taratibu, marehemu haandikwi. Tukatoka bila jibu.

Jumapili alimpigia shangazi Nyangeta, nikiwa nimekaa hapohapo. Alimweleza yote, tukasubiri. Sauti ya shangazi ikatoka kwenye simu kali kama kawaida yake.

"Kaka yangu aliniaibisha mbele ya watu, na amekufa kabla hatujaelewana. Kwa hilo nitagombana naye nikimkuta. Andikeni jina langu. Na huyo mtoto mkija naye huku, msimpitishe nyumba ya mtu kabla ya kwangu."

Magesa alikata simu akaingia chumbani. Nilimwacha.

Sijui mtoto atakuja lini, wala kama ni wa kike au wa kiume. Atakuja na maswali yake. Akiniuliza babu yake alikuwa nani, sitamwambia alikuwa malaika, maana hukuwa. Nitamwambia alikuwa mzee wa ng'ombe aliyemkosea mwanamke mmoja akachelewa kumwomba radhi, akamkosea wa pili, lakini akamwambia huyo wa pili kwa mdomo wake mwenyewe, jicho likiwa bado linauma: nimekosea. Mimi nimeishi miaka mingi na nimefahamiana na wanaume wengi wazuri. Neno hilo nimelisikia kwako tu.

Lala, baba. Huku tunaendelea.

Mkamwana wako,
Kitaji, Musoma